Daftari la Chumvi na Bibie: masika yameisha, update ndefu kidogo

Haya, update ya mradi. Kwa mgeni, mradi wenyewe sio wa kuuza kitu, ni daftari tu la punda wawili ninaowafuga hapa nyumbani Karatu, Chumvi (dume, kahasiwa) na Bibie, jike ambaye umri wake hata aliyeniuzia hakuujua ila meno yanasema kazeeka. Wote walishabeba madumu ya maji ya watu miaka na miaka, sasa hivi kazi yao kula na kulala. Majirani wanacheka, yani punda wa kukaa bure! Sawa tu.

Daftari lina kazi moja, kumjua kila mmoja akiwa mzima anakuwaje, kwa undani kabisa, ili akibadilika kidogo nishtuke. Maana punda haumwi kwa kelele. Farasi tumbo likimshika anajitupa chini, anagaragara, anatoka jasho, anageuka kulitazama tumbo, kila mtu anaona. Punda mwenye tumbo hilohilo mara nyingi anasimama tu, kichwa kimeshuka kidogo, hasogei, na mpita njia anasema ndo punda walivyo hao, wapole. Na kugaragara kwenyewe kwa punda ni starehe, Chumvi kila asubuhi lazima alale kwenye vumbi ageuke huku na huku, akimaliza anajikung'uta anaondoka zake. Kwahiyo ukizichukua alama za farasi ukazileta kwa punda utapotea. Asili yao ni punda mwitu wa huku Afrika kaskazini mashariki, nchi kavu zenye wanyama wanaokula wenzao, na anayeonyesha udhaifu ndo anayeliwa, sasa unategemea akulilie wewe?

Mzee jirani, ambaye kafuga punda toka ujana wake, aliniambia siku za mwanzo, "mwanangu, punda akikuonyesha anaumwa ujue ameshachoka kuficha." Nikaandika hilo kwenye jalada.

Namba kwanza. Punda mzima mkubwa joto lake linacheza kati ya 36.5 na 37.8, mapigo ya moyo 36 mpaka 52 kwa dakika, pumzi 12 mpaka 28. Ni namba za kitabuni hizo, na upana wake ni mkubwa kiasi kwamba peke yake hazinisaidii sana, kinachosaidia ni ya kwake. Chumvi akiwa ametulia mapigo yake huwa chini ya hamsini vizuri tu, nikimkuta ana mapigo ya 52 asubuhi hajafanya kazi yoyote mimi nashtuka hata kama kitabu kinasema bado yumo. Mapigo nayapima kwa vidole chini ya taya, kuna mshipa unapita pale kwenye kona ya mfupa, ukishaupata mara moja huusahau. Pumzi nasimama mbali nahesabu ubavu unavyopanda na kushuka, ukimsogelea anaanza kunusa nusa mifuko hesabu inaharibika. Joto ni kipimajoto cha nyuma, kipakwe mafuta ya mgando, kifungwe uzi (fungeni uzi jamani, nisiseme zaidi), na siku zote saa ileile ya asubuhi kabla jua halijawaka, kwasababu mchana wa jua joto la punda linapanda lenyewe na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Ila ukweli namba nachukua mara chache. Kila siku naandika vitu vya macho. Masikio yako wapi nikifungua geti. Nani amekuja kwanza. Wamesimamaje. Hapo kwenye kusimama nimejifunza kitu kizuri sana, punda kupumzisha mguu mmoja wa nyuma ni kawaida, anaukunja kidogo anabadilisha mwingine, usihangaike nao. Lakini mguu wa mbele ukitangulizwa mbele ya mwenzake hauwekewi uzito, huyo ana maumivu, hapo nashika kwato zote nne nasikilizia kwa kiganja ipi ya moto kuliko zingine, na napapasa juu yake kwenye kifundo kama mshipa unadunda kwa nguvu, maana kwenye mguu mzima kuupata tu huo mdundo ni shida. Masika hii kwato ya Bibie ilianza kunuka, matope hayo, tukaisafisha ikakauka, hiyo haina habari ndefu.

Sasa habari ya Bibie yenyewe, ndo iliyonifanya niandike leo.

Kwenye daftari kuna sehemu naandika "B kala, C kala". Wiki moja katikati ya masika nikawa naandika B kala kama kawaida, kichwa chake kipo horini muda wote na mdomo unatembea. Kilichonishtua ni nyasi. Chumvi upande wake anabakiza mabua magumu tu, upande wa Bibie hori limejaa karibu kama nilivyoliacha. Nikaweka simu kwenye mti nikachukua vidio ndefu, jioni nikaiangalia taratibu. Aisee. Anaingiza mdomo, anachezesha midomo, anatoa, anasimama na unyasi umening'inia, anarudisha mdomo. Anaigiza! Anakula kwa macho ya watu tu. Baadae nikaambiwa hii kwa punda inajulikana sana, mwenzake akila na yeye anasimama palepale anafanya anavyofanya mwenzake, na wewe unaona punda wawili wanakula.

Nikafagia chini ya hori nikakuta vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, zimelowa mate, vimeviringika kama vile mtu kavifinyanga. Hapo tena nikanusa mdomo, harufu mbaya. Mavi yake nayo yalikuwa na nyuzi ndefu ndefu za nyasi, na yamepungua. Lakini ukimwangalia punda mwenyewe: macho makavu hayatoi kitu, ufizi wa pinki, joto 37.2, amesimama na rafiki yake. Mtu angekuambia mzima.

Sikusubiri kesho, nikampigia daktari wa mifugo, na nilifurahi sana alivyouliza swali la kwanza "ana siku ngapi hajala vizuri?" kabla hata ya kuuliza anaumwa nini. Sababu ni hii, na naomba kila mwenye punda aishike. Punda akiacha kula, hasa akiwa jike, hasa akiwa mnene au ana mimba, mwili unaanza kuyayeyusha mafuta uliyoyaweka akiba na kuyamwaga kwenye damu, na kwa punda mfumo huo ukishawashwa hauzimiki kirahisi. Mafuta yanazidi uwezo wa ini, ini linajaa mafuta, figo zinafuata, hamu ya kula inaisha kabisa, kwahiyo yanazidi kumwagika. Mnyama anakufa kwa kitu cha pili wakati cha kwanza kilikuwa jino tu. Na Bibie shingoni juu ana lile fungu la mafuta, limelala upande kidogo, akiba ipo ya kutosha.

Daktari alitoa damu kwenye kichupa akakisimamisha tukasubiri itengane. Yale maji ya juu yakiwa meupe meupe yenye ukungu ujue mafuta yameshajaa. Yalikuwa ya njano safi, yanaonyesha upande wa pili. Tukapumua.

Akamchoma sindano ya usingizi mwepesi, akamwekea kile chuma cha kufungulia mdomo, akanimulikia nione mwenyewe. Taya la juu la punda ni pana kuliko la chini, meno yanasagana yanaisha ila kingo zinabaki, za juu zinachomoza upande wa shavu, za chini upande wa ulimi, kali kabisa. Shavu la Bibie la kushoto lilikuwa na kidonda. Akazipiga tupa, sauti yake siitamani tena, akampa dawa ya maumivu. Muda wote Chumvi alikuwa pembeni kwa makusudi, daktari alikataa tumwondoe, punda waliozoeana ukiwatenganisha yule mgonjwa anapata stresi, na stresi nayo inamkatisha kula.

Tukaenda na nyasi zilizokatwakatwa fupi na kulowekwa, kidogo kidogo mara nyingi. Siku ya kwanza alirambaramba tu, baadae akaanza kumaliza, mavi yakarudi mengi na laini bila zile nyuzi. Cha kuchekesha, alama niliyoiamini kuliko zote haikuwa ya kula, ni masikio. Bibie akiwa mzima sikio la kushoto linatangulia kugeuka ukivunja kijiti. Ile wiki mbaya masikio yote yalikuwa yamelala kwa nje kidogo, na nikirudi nyuma kwenye daftari nakuta niliandika "masikio pembeni" kabla ya hayo mambo ya hori. Sasa masikio yana safu yake.

Mabadiliko mengine: "kala" nimeifuta. Naandika nilichoweka na kilichobaki. Nafagia chini ya hori kila jioni kutafuta vidonge. Vidio fupi ya kila mmoja akiwa mzima nimeihifadhi, akitembea, akisimama, akila, ili siku nikiwa na wasiwasi niweke picha mbili pamoja badala ya kubishana na kumbukumbu yangu. Na meno yatachekiwa kila mwaka, ya Bibie mapema zaidi.

Chumvi yeye shida yake ni kinyume, tepu ya fundi cherehani inasema kifua kimeongezeka toka mvua zianze, na kwa manyoya yale huwezi kuona kwa macho, mpaka ubonyeze mbavu. Pumba kwake basi, na nusu ya malisho nimezungushia kamba. Kipimo kinachofuata ni maji, nataka kujua kila mmoja anakunywa kiasi gani, ndoo mbili zenye alama ya lita, ila ya Chumvi kaipindua mara zote mbili za mwanzo kabla sijasoma kitu, kwahiyo wiki hii nashughulika na kuifunga kwenye nguzo.