Nilivyowafundisha madaktari wasaidizi kunyamaza

Watu wakisikia kwamba nafundisha madaktari wasaidizi (physician assistants, wanaotibu wagonjwa wakishirikiana na daktari) chuo kikuu hapa Marekani, hudhani kazi kubwa ni anatomia na majina ya dawa. Hayo wanafunzi huyameza. Wengi huingia darasani wakiwa wameshazoea wagonjwa: wahudumu wa ambulensi, wauguzi, watu wa tiba jeshini. Ndivyo taaluma yenyewe ilivyoanza. Mwaka 1965, Dkt. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alianza na wanaume wanne waliowahi kuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini. Watatu wakahitimu mwaka 1967.

Kilichonitoa jasho mimi ni kusikiliza. Mtu aliyezoea dharura huuliza maswali mfululizo: yameanza lini, yanauma wapi, unatapika, una homa? Mgonjwa anajibu ndiyo, hapana, ndiyo, na lile lililomleta anaondoka nalo. Utafiti wa Beckman na Frankel wa mwaka 1984 ulikuta kwamba madaktari walimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Niliwaeleza wanafunzi, wakatikisa vichwa, kisha wakaenda kufanya yaleyale.

Basi nikaacha kuhubiri. Tunao wagonjwa waigizaji, watu wanaolipwa kuigiza ugonjwa mbele ya wanafunzi. Nilimwomba mmoja, mama anayeigiza maumivu ya kifua, asitaje kwamba ameacha dawa ya presha mpaka apewe nafasi ya kujieleza. Kijana aliyetoka kwenye ambulensi aliingia, akamaliza upesi, akaagiza ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na vipimo vya damu. Vyote sahihi kabisa.

"Kwa nini amekuja leo, si wiki iliyopita?" nikamuuliza.

Kimya.

Nikamrudisha ndani na sentensi moja tu: "Mama, nieleze ilivyokuwa." Baada ya hapo, kalamu chini, mdomo ufungwe. Mama akaeleza yote, dawa zilizomwishia na hofu ya gharama, na wala hakuchukua muda mrefu. Wanafunzi huogopa kwamba mgonjwa akiachiwa ataongea mpaka jioni. Ni nadra sana.

Zoezi hilo nikalifanya la kudumu. Wenzangu wengine walinung'unika kwamba muda hautoshi, na kweli, programu nyingi ni za miezi 27 hivi, mwaka wa kwanza darasani na unaobaki hospitalini. Tena mtihani wa taifa, maswali 300 ya kuchagua jibu, haupimi ukimya wa mtu. Sikurudi nyuma.

Nusu ya pili ya kazi ni kumweleza daktari msimamizi. Umri, kilichomleta mgonjwa, mambo mawili matatu yenye uzito, unachodhani, unachotaka kufanya. Wengi huishia kabla ya "unachodhani", wanamwachia mkubwa. Kwangu taarifa ya namna hiyo haipokelewi.

"Unadhani ni nini?"

"Sina hakika, mwalimu."

"Hakika sijakuuliza."

Hapo ndipo wanapoanza kufikiri kwa sauti, na hapo ndipo ninapoweza kuwafundisha.

Kinachonishinda hadi leo ni kompyuta. Mwanafunzi anasikiliza vizuri, lakini macho yako kwenye skrini. Muhula huu nimeamua waigizaji wetu wanyamaze kila mwanafunzi anapogeukia kibodi.