Wasifu Ulioniingiza Ofisi ya Mawakili Mombasa

Wahitimu wa sheria wanaotafuta kazi ya kwanza hapa Mombasa sote tumesoma mikataba ile ile, jinai ile ile na katiba ile ile. Kwa hiyo nilipokaa kuandika wasifu wangu, shahada niliipa mistari miwili tu. Nafasi iliyobaki niliiachia kazi nilizowahi kuzifanya.

Nilikuwa na kielelezo cha wasifu nilichopata saiba, duka la intaneti, kile kinachoanza na dini, hali ya ndoa na nambari ya kitambulisho, kisha aya ya malengo inayoahidi bidii na uaminifu. Nikakifyeka. Juu nikabakisha jina, simu, baruapepe na sentensi moja ya kueleza niko hatua gani: nina shahada ya sheria, nimemaliza masomo ya darasani Kenya School of Law, natafuta nafasi ya uanagenzi wa miezi sita. Sentensi hiyo haina mapambo, lakini mwenye ofisi anataka kujua mapema kama aliyeleta maombi ni karani, msaidizi wa sheria au mwanagenzi. Na neno "wakili" usilisogelee kabla hujaapishwa. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza asiyestahiki kujiita hivyo, na huyo unayemwandikia anaijua vizuri.

Kilichonisaidia zaidi ni kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi: anayedai ndiye athibitishe. Nilikipitisha juu ya kila mstari. "Nina uwezo mkubwa wa utafiti." Ushahidi uko wapi? Futa. "Nilisaidia kazi za ofisi," nikimaanisha mafunzo yangu ya nyanjani. Nilisaidia nini hasa? Hapo ilinibidi nikae na kalamu nikumbuke: jioni kuangalia orodha ya kesi za kesho, asubuhi kwenda masijala kufuatilia jalada lisiloonekana, mchana kuandika rasimu za hati za kiapo ambazo wakili alizirudisha zimejaa wino mwekundu. Mstari ukageuka kuwa: "Niliandaa rasimu za hati za kiapo na orodha za nyaraka katika kesi za ardhi, niliwasilisha nyaraka kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama na kufuatilia malipo hadi yakathibitishwa."

Kabla ya kuusambaza nilimpa karani mmoja mkongwe ninayemfahamu. Aliusoma amesimama, pale nje ya mahakama, miwani imemshuka puani.

"Mwanangu, hapa hakuna asomaye, wanapekua tu. Hati ya kiapo ya kuthibitisha mdaiwa amefikishiwa makaratasi, wajua kuiandika?"

"Naam, mzee. Nimeandika kadhaa."

"Sasa mbona siioni?"

Nikaiongeza, na nikaipandisha juu ya tuzo ya mdahalo wa chuo. Mdahalo ni mzuri, siubezi, ila ofisi ya watu watatu inataka mtu wa kuanza kazi Jumatatu.

Lugha nayo ina uzito hapa pwani. Wasifu huandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu kwenye lugha tunaandika "Kiswahili: vizuri sana" tukaondoka. Mimi niliandika kwamba nimewahi kukaa na wateja wanaozungumza Kiswahili nikayaandika maelezo yao kwa Kiingereza, kisha nikawasomea kwa Kiswahili kabla hawajatia sahihi. Hiyo ni kazi ya kila siku katika ofisi za mji huu, na si kila mhitimu anaiweza.

Sikutuma wasifu mmoja kila mahali. Kwa ofisi inayoshughulika na meli na mizigo ya bandarini, somo la sheria ya bahari lilitangulia. Kwa ofisi yenye kesi nyingi za mirathi, nilitanguliza niliyojifunza kwa kuhudhuria vikao vya Mahakama ya Kadhi, ambayo kwa Kifungu cha 170 cha Katiba husikiza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Mambo yalikuwa yale yale. Mpangilio tu ndio ulibadilika.

Majina ya wateja sikuyaweka popote, wala ya kesi. Siri ya mteja inamfunga hata karani, na anayeimwaga kwenye wasifu ameshajikosesha kazi. Vyeti vya kodi, vya mkopo wa elimu na vya polisi niliviweka kando, maana hivyo huombwa zaidi na ofisi za serikali. Wadhamini niliwapigia simu kwanza, nikawatumia nakala ya wasifu wenyewe.

Ofisi iliyonichukua iko karibu na Nkrumah Road. Kwenye mahojiano wakili hakuuliza alama zangu. Aliweka kidole kwenye mstari wa malipo na kuniuliza ningefanya nini iwapo pesa zimeshakatwa kwenye M-Pesa na mfumo bado unadai. Nikamweleza: nahifadhi ujumbe wa muamala, silipi mara ya pili, naupeleka masijala pamoja na nambari ya ankara. Akaendelea na maswali mengine, mengi yakiwa juu ya mstari huo huo.