Nilivyogundua boti yetu ilikuwa ikinigawia maboya ya bure

Siku niliyotamani ziwa linimeze ni ile niliyoulizwa, ski ikiwa mguuni na jaketi limeshafungwa, "Herufi gani na namba gani?" Nikadhani wanahakiki usajili. Nikaanza kutaja herufi za jina langu moja moja, kwa utulivu kabisa, kama niko dirishani benki. Kijana aliyesimama gatini akamtazama dereva, dereva akatazama maji. Nilipofika herufi ya nne akanikatiza: basi, nakuwekea B2.

Na hiyo ilikuwa aibu ndogo.

Kwanza niwaeleze wenzangu wa pwani, maana nikisema ski ya majini mnawaza watalii wanaovutwa na boti kule Nyali wakipunga mikono. Slalomu ni habari nyingine. Unasimama na miguu yote miwili juu ya ski moja. Boti inapita katikati kwa mstari ulionyooka, nawe unazunguka maboya sita, matatu kulia na matatu kushoto, kila moja likiwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Toka lango la kuingilia hadi la kutokea ni mita 259. Ukiyamaliza sita, kasi inaongezwa. Ukifika kasi ya juu ya daraja lako, ambayo kwa sisi wanaume tuliovuka miaka 35 ni kilomita 55 kwa saa na kwa vijana 58, haiongezwi tena. Hapo kinachofuata ni kufupishiwa kamba. Kamba ina rangi zake: nyekundu mita 18.25, chungwa 16, njano 14.25, kijani 13, bluu 12, zambarau 11.25. Kwenye zambarau kamba imeshakuwa fupi kuliko umbali wa boya, kwa hiyo pengo unaliziba kwa mwili wako uliolala juu ya maji. Nate Smith, Mmarekani, mwaka 2013 alipata maboya mawili na nusu kwa kamba ya mita 9.75. Mimi nina kilo 96 na goti linalolia kama mlango wa ghala.

Mchezo huu niliuingilia kwa kufyeka nyasi. Nilikuwa nafanya kazi za usiku ghalani karibu na Orlando, Florida, na Jumamosi nakwenda kukata nyasi kwa mzee mmoja mwenye kiziwa chake nje ya Clermont. Badala ya fedha akawa ananilipa kwa kunivuta. Miaka mitatu hivyo. Msimu uliopita nilikuwa mtu wa kijani: maboya sita kwa kamba ya mita 13, karibu kila Jumamosi, na kwenye bluu napata mawili, matatu. Nilijitangaza. Hata kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp walijua mimi ni mtu wa kijani, ingawa hakuna aliyejua maana yake.

Basi nikaenda mashindanoni. B2. Nyekundu nikapita kwa shida, chungwa nikapita kwa dua, njano boya la nne nikaachwa. Nimefika nimechelewa, kamba imelegea, kisha ikakaza ghafla na kunirusha. Nilikaa majini nikiangalia ile boti inavyorudi na nilijua hasa nitakachosema: ile boti ina kasoro.

Wiki iliyofuata ushauri ulimiminika. Mmoja akasema ni woga wa mashindano, nipumue kwa pua. Mwingine akasema vishikizo vya miguu kwenye ski nivisogeze mbele. Nikavisogeza, nikaanguka kifudifudi mara nne mfululizo, nikavirudisha. Wa tatu, na huyu sijamsamehe, akaniambia ski yangu ni ya zamani. Nikanunua nyingine, zaidi ya dola elfu moja, kiasi kamili mke wangu akisoma hapa itakuwa kesi. Ilikuwa nzuri, inang'aa. Ziwani kwetu nikapita kijani nayo kama kawaida. Kwenye mashindano ya pili, njano, boya la nne tena. Lilelile.

Hapo ndipo nilianza kushuku boti yetu badala ya yao.

Boti ya mzee ni ya mwaka 1999, na mfumo wake wa kushika kasi ni wa kizazi cha kwanza. Kabla ya mifumo hii dereva alishika wenzo wa gesi kwa mkono. Mchezaji akivuta, boti inazubaa, dereva anasukuma. Mwenye dereva rafiki alikuwa na bahati. Miaka ya 1990 kampuni ya PerfectPass ya Kanada na wenzake wakaleta kompyuta inayoshika gesi badala ya mkono. Mifumo ile ya mwanzo iliangalia mizunguko ya injini. Baadaye ikaja ya GPS, kama Zero Off, ambayo haijali injini inasema nini, inaangalia boti yenyewe inakwenda kwa kasi gani. Mashindano ya sasa ndiyo yanayoitumia. Zile herufi A, B, C na namba 1, 2, 3 ndizo unazochagua ili injini ikujibu kwa upole au kwa ukali unapovuta. A1 ni mpole, C3 ni mkali, B2 yuko katikati. Ningeambiwa hili mapema nisingetaja herufi za jina langu gatini.

Nikamwambia mzee tupime. Akacheka, lakini akakubali. Jaribio la kwanza lilikuwa programu ya kasi kwenye simu. Mimi nimekaa na simu, yeye anaendesha: 53, 56, 52, 55. Kila ikisoma 55 mzee ananyoosha kidole, "Umeona?" Jaribio la pili ni saa ya kubonyeza. Nabonyeza tukiingia lango, nabonyeza tukitoka. Kwa kilomita 55, mita 259 zinatakiwa kuisha kwa sekunde 16.95. Nikapata 16.9, kisha 17.6, kisha 17.2. Mzee akaichagua ile aliyoipenda, akaenda kula.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ndiyo ilinipa akili. Kidole changu ndicho kibaya, si saa. Simu yangu ina kamera ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Kwa kasi ya 55 boti inasogea sentimita sita na kitu tu kati ya picha moja na nyingine. Hakuna kidole cha binadamu kinachofika hapo. Na katikati ya njia boti hupita kwenye vijilango vya maboya, mita 2.3 kati ya boya na boya. Kimoja sambamba na kila boya la mchezaji. Kutoka lango kuu hadi kijilango cha kwanza ni mita 27, halafu 41, 41, hadi mwisho 27 tena. Ni rula iliyolala juu ya maji, tayari!

Nikachukua kipande cha mbao, nikakifunga kwenye fremu ya kioo cha boti kwa mpira wa baiskeli, ule tunaofungia mizigo kwenye keria. Simu ndani ya mfuko wa plastiki, inatazama pembeni kuelekea maji. Mbele ya lenzi nikavuta uzi mweusi, wima, toka juu ya fremu hadi chini. Boya likigusa uzi, hiyo ndiyo picha ya kuhesabu. Mzunguko wa kwanza mpira uliteleza, nikapata dakika nane za kiwiko cha mzee. Wa pili jua lilikuwa usoni. Wa tatu, saa moja asubuhi, maji kama kioo, mimi nyuma kwenye kijani: safi kabisa. Unaona boya la njano linakuja, linagusa uzi, linapasuliwa katikati, linaondoka.

Usiku nikakaa jikoni kuhesabu. Mke wangu akauliza natazama nini tangu saa tatu. Maji, nikamwambia. Akaenda kulala.

Mita 41 kwa kilomita 55 ni sekunde 2.68. Mimi nilikuwa na 2.75, 2.77, 2.79, 2.80, 2.79. Ukijumlisha na zile mita 27 za mwanzo na mwisho, jumla 17.51. Boti ilikuwa inakwenda kilomita 53 na kidogo, na kadiri nilivyoendelea kuvuta ndivyo ilivyozidi kuchoka. Nusu sekunde na ushee inaonekana si kitu, lakini boti ya kweli ingekuwa mita nane mbele ya yetu tunapofika mwisho. Nilihesabu mara mbili, nikazima taa. Ubingwa wangu wote wa kijani ulikuwa mle ndani ya zile mita nane.

Mzee hakukubali. Dashibodi inasema mizunguko 3,240 kwa dakika, na 3,240 ndiyo 55 tangu alipoinunua. Na kweli, injini ilikuwa 3,240. Hapa nilikwama wiki nzima, mpaka nilipompigia mjomba Mtwapa kumsalimia tu. Yeye ametengeneza injini za boti za uvuvi tangu sijazaliwa. Nikamweleza: injini inazunguka vilevile, boti inakwenda polepole.

"Mwanangu, propela ni ileile?"

"Sijui, mjomba."

"Sasa wanipigia mimi wa nini? Nenda katazame. Chini ya maji."

Nilipiga mbizi, huku nikimwomba Mungu mamba wa Florida wawe wameshiba. Kwenye kitovu cha propela imechongwa 13 x 11.5. Kwenye kitabu cha boti imeandikwa 13 x 12. Ile namba ya pili ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa kila mzunguko, kama parafujo kwenye mbao. Nilipomwonyesha, mzee akajikuna shingo. Akakumbuka kisiki. Miaka miwili nyuma aligonga kisiki, akaweka propela ya mtumba, bei ya kutupa. Injini haikujua kitu, ikaendelea kuzunguka 3,240 zake, na mimi nikaanza kuwa bingwa.

Nilitaka turudishe propela sahihi. Mzee akasema ile haijaisha. Basi tukapandisha mizunguko, mia moja na kitu, tunapima kwa uzi kila mara. Nikagundua pia kwamba kila mtu mzima anayeongezeka ndani ya boti anataka mizunguko kumi, kumi na tano zaidi, kwa hiyo nikabandika utepe karibu na usukani na jedwali la kalamu: peke yako, wawili, watatu. Upande wa chini kuna mstari wa shemeji yake mzee, ambaye anahesabiwa wawili.

Jumamosi ya kwanza kwa kasi halali: chungwa, boya la tano. Mwezi mzima sikuiona kijani.

Na hata muda ulipokaa 16.95 bado haikuwa sawa na boti ya mashindano. Mfumo wa mizunguko unaridhika injini ikiwa sawa, hata kama kilo 96 zinaishikilia boti kwa nyuma. Inazubaa, halafu inajirudi taratibu. Wa GPS hausubiri. Ukivuta, unakuvuta nawe, na ukizoea ya zamani unahisi kama unadaiwa katikati ya maji. Kwa hiyo nikawa nakwenda ziwa jingine mara moja kwa wiki mbili, dola hamsini hivi kwa kuvutwa mara sita, kujaribu herufi. C1 ilinitoa bega. B2 ilinitosha kwenye njano tu. A1 ikanikaa. Mtu mzito anayechelewa kumaliza kuvuta apewe mashine yenye subira, hiyo ni nadharia yangu, na kuna kijana wa kilo 70 pale anayeapa kwa C3.

Wale wanaosema GPS imemaliza ubishi wa haki hawajamtazama dereva. Gesi imetoka mkononi mwake, usukani umebaki. Mzee wangu ana huruma; nikichelewa kwenye boya la tatu boti inanisogelea kidogo, sentimita ishirini labda, na hizo ni kamba niliyoongezewa bila kukatwa rangi. Yeye anakana. Nimemwonyesha kwenye video, boya la kijilango upande wangu linakuja karibu na boti kuliko mengine. Akasema ni upepo.

Mjomba naye aliuliza swali ambalo hakuna Mmarekani aliyeniuliza: je, kwa maji ya kupwa na kujaa? Nikamwambia maziwa haya yamesimama. Lakini alinifikirisha. Mtwapa maboya yamefungwa chini, GPS inapima ardhi, kwa hiyo muda ungetoka sahihi tu. Ila mkipandisha dhidi ya maji yanayotoka, ski yako inakata maji kwa kasi kubwa kuliko namba iliyoandikwa. Mzunguko wa kwenda mgumu, wa kurudi mteremko.

Septemba nikarudi mashindanoni. Kijana yuleyule gatini, akaanza kutabasamu kabla sijafika. "A1," nikasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Nyekundu, chungwa, njano, zote. Kijani nikaingia langoni mapema kidogo, boya la nne likanipita karibu na bega, la tano, la sita, nikatoka lango nikiwa nimesimama. Bluu nilipata moja na nusu, nikaanguka vizuri tu.

Nikamtumia mjomba video. Akaitazama, najua, maana tiki zikageuka bluu. Baada ya robo saa akajibu kwa sauti: "Hongera sana, mwanangu. Sasa hiyo petroli yote, mwaenda na kurudi palepale, hamna hata samaki mmoja?"