Ng'ombe, jua na sikukuu nane za Wicca

Wafuasi wa dini ya Wicca, pamoja na wapagani wengine wengi wa Uingereza, Ireland na Marekani, huugawa mwaka kwa sikukuu nane ambazo kwa pamoja huziita Gurudumu la Mwaka. Samhain huwa usiku wa tarehe 31 Oktoba. Yule huangukia siku fupi kuliko zote mwezi Desemba. Imbolc ni mwanzo wa Februari. Ostara hufika mwezi Machi usiku na mchana vinapolingana. Beltane ni tarehe 1 Mei. Litha huwa siku ndefu kuliko zote mwezi Juni. Lughnasadh ni tarehe 1 Agosti. Na Mabon huja mwezi Septemba usiku na mchana vinapolingana tena. Maelezo mengi huzipanga zote nane katika mstari mmoja, kana kwamba zimerithiwa kutoka kwa wazee wale wale. Nimeishi Edinburgh kwa miaka kadhaa na nimealikwa kama mgeni katika baadhi ya mikusanyiko hiyo, nami naona kuwa ndani ya gurudumu hilo mna kalenda mbili tofauti, moja ya mifugo na nyingine ya jua, na kwamba asiyezitenganisha hatatambua kwa nini baadhi ya sikukuu hizo huwagusa watu hadi moyoni ilhali nyingine hupita bila kishindo. Niseme pia kwamba mimi ni Mwislamu niliyelelewa Unguja, na ninapowaita watu hawa wapagani siwatusi, kwa kuwa ndivyo wanavyojiita wenyewe.

Dini ya Wicca ina umri mdogo kuliko wanavyodhani watu wengi. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1884, ambaye alifanya kazi Ceylon, Borneo na Malaya, na huko Malaya akawa ofisa wa forodha hadi alipostaafu mwaka 1936 na kurejea kwao. Bunge la Uingereza lilipoifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735, jambo lililofanyika mwaka 1951, alipata nafasi ya kusema waziwazi, na mwaka 1954 akachapisha kitabu kilichoieleza dini hiyo kwa wasomaji wa kawaida. (Sheria za uchawi ambazo Waingereza hao hao walizitunga kwa ajili yetu, ya Kenya ya mwaka 1925 na ya Tanganyika ya mwaka 1928, hazikufutwa pamoja na ile ya kwao.) Katika kikundi chake cha Bricket Wood, kaskazini ya London, sikukuu kubwa zilikuwa nne tu: za mkesha wa Novemba (Samhain), Februari, Mei na Agosti. Siku nne za jua zilikuwa na uzito mdogo zaidi, mpaka mwaka 1958 wanakikundi walipoomba nazo zipewe hadhi sawa na zile nyingine na zifanywe siku yake hasa. Ross Nichols, rafiki wa Gardner aliyeanzisha chama kipya cha Wadruidi, wanaojiita kwa jina la makuhani wa kale wa visiwa vile, mwaka 1964, naye alizichukua zote nane. Ronald Hutton, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Bristol, amezichunguza sikukuu za visiwa vile kwa miaka mingi, na hakupata ushahidi wa taifa lolote la kale lililoadhimisha zote nane kwa pamoja.

Tukianza na zile nne kubwa, ambazo ndizo kalenda ya mifugo, chimbuko lake ni Ireland na nyanda za juu za Uskoti, katika nchi ambamo utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe na kondoo. Mwanzoni mwa Mei mifugo ilitolewa zizini na kupelekwa malisho ya milimani. Mwanzoni mwa Novemba ilirudishwa, na wale wasioweza kulishwa hadi mwisho wa baridi wakachinjwa. Mambo hayo mawili yanatosha kueleza Beltane na Samhain zaidi ya maelezo mengi ya kiroho niliyoyasikia. Kamusi ya kale ya Kiayalandi inayohusishwa na Cormac, askofu na mfalme wa Cashel aliyefariki takriban mwaka 908, inasema kwamba Wadruidi waliwasha mioto miwili na kuwapitisha ng'ombe katikati yake ili wakingwe na maradhi. Kamusi hiyo hiyo inaihusisha Imbolc na maziwa ya kondoo, kwa kuwa huo ndio wakati ambao kondoo wenye mimba huanza kujaa maziwa, na katika nyumba ambayo akiba ya chakula ilikuwa imepungua tangu Desemba, maziwa hayo yalikuwa habari kubwa. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Brigid kwa Wakatoliki, ambao husuka misalaba yake kwa nyasi za majimaji, na ni ya mungu wa kike Brigid kwa wapagani. Serikali ya Ireland imeifanya kuwa mapumziko ya kitaifa tangu mwaka 2023, na kila upande unasherehekea kwa namna yake. Lughnasadh, sikukuu ya mavuno ya kwanza, nayo ina jamaa zake wa Kikristo: maelfu ya mahujaji hupanda mlima Croagh Patrick Jumapili ya mwisho ya Julai, na wataalamu wengi wa mila wanaona kuwa safari hiyo imeikalia sikukuu ya zamani zaidi.

Hapa Edinburgh, Beltane ndiyo inayoonekana kuliko zote. Tangu mwaka 1988 usiku wa tarehe 30 Aprili hufanyika maonyesho ya moto katika kilima cha Calton, ambamo Malkia wa Mei huzunguka na msafara wake wa wapiga ngoma, na Mwanamume wa Kijani huuawa kisha hufufuliwa. Maonyesho hayo huuzwa kwa tiketi, na wengi wanaoshiriki hawana dini yoyote. Wafuasi wa Wicca ninaowafahamu hufanya ibada yao kando, katika bustani ya nyumba au msituni: huchora duara, huzikaribisha pande nne za dunia kwa zamu, husimulia namna mungu wa kike na mwenziwe wanavyokutana katika msimu huu, kisha hugawana mikate midogo na divai (mimi hupewa maji ya matunda). Katika masimulizi yao mungu huyo wa kiume huzaliwa siku ya Yule, hukua pamoja na mwanga, humwoa mungu wa kike siku ya Beltane, hudhoofika wakati wa mavuno na hufa kabla ya baridi kuingia, ndipo gurudumu huanza upya. Ni hadithi nzuri, na kwa maoni yangu ndiyo gundi iliyozishikanisha kalenda zile mbili.

Kalenda ya pili, ile ya jua, nilikuwa naidharau nilipokuwa naisoma tu. Kwetu Unguja tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja, na ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa kuanzia mapambazuko bila kupata taabu. Edinburgh mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi Juni huchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri na huzama saa nne usiku. Mtu anayekwenda kazini gizani na kurudi gizani kwa wiki nyingi hahitaji kufundishwa maana ya Yule. Watu wa visiwa hivi waliliangalia jua tangu kale sana: kaburi la Newgrange huko Ireland, lililojengwa takriban mwaka 3200 kabla ya Kristo, lina tundu juu ya mlango ambalo hupitisha mwanga hadi chumba cha ndani asubuhi za siku zile fupi, na Stonehenge imeelekezwa kwenye mawio ya Juni na machweo ya Desemba. Hatuna maandishi ya wajenzi hao, na Gardner hakurithi chochote kutoka kwao, lakini jua walilolipimia ndilo hilo hilo.

Ostara na Mabon ndizo zinazopita kimya. Katika latitudo hizi watu huona mabadiliko ya Machi na Septemba siku hadi siku, kwa hiyo siku moja ya mlingano haiwashtui. Majina yenyewe yalipendekezwa na Mmarekani Aidan Kelly katika miaka ya 1970, na Mabon ni kijana wa hadithi za Wales aliyeibwa kwa mama yake akiwa mchanga, asiye na uhusiano wowote na mwezi Septemba.

Sisi tuliozoea mwaka wa Hijria, ambamo Ramadhani huzunguka misimu yote, tunaweza kudhani kuwa kuifunga ibada kwenye msimu ni jambo la kigeni. Hata hivyo, pwani yetu ilikuwa na mwaka wa jua, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kuanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya, na mabaharia na wakulima waliutumia kujua pepo na mvua. Nairuzi ilitoka kwa Waajemi, na kwa kuwa ilihesabiwa kwa siku 365 bila siku ya nyongeza, ilirudi nyuma siku moja takriban kila miaka minne. Ndiyo maana Mwaka Kogwa wa Makunduchi huchezwa Julai, ilhali Wairani huadhimisha yao Machi.

Wapagani wa Australia na New Zealand walilikabili tatizo lao kwa kuligeuza gurudumu: wengi wao hufanya Yule mwezi Juni na Beltane mwishoni mwa Oktoba. Penye ikweta kuligeuza hakusaidii kitu. Mwenyeji wangu wa Edinburgh anaamini kuwa mfuasi wa Wicca atakayehamia Nairobi hana budi kuendelea na Yule tarehe 21 Desemba, kwa sababu giza la Desemba ndilo lililomlea kiimani. Mimi naona vingine. Huko siku nne za jua hazina kazi, na angeziacha bila hasara. Zile nne za mifugo ndizo ambazo angeweza kuzihamisha, Beltane ikiwekwa majani mabichi yanapoota baada ya masika kuanza na Lughnasadh mahindi ya kwanza yanapovunwa, bila kuzifunga kwenye tarehe yoyote, hivi kwamba mwaka ambao mvua imechelewa, sikukuu nayo ichelewe.