Mama alipopungukiwa sodiamu

Kwa siku tatu Mama, miaka 78, alikuwa ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Alfajiri ya siku ya nne akaanguka akienda chooni. Majirani walisema ni uzee. Nilikataa, kwa sababu mwezi mmoja nyuma alikuwa anapiga hesabu za kikoba kichwani bila kukosea hata shilingi.

Hospitalini malaria haikuonekana, sukari ilikuwa sawa. Nikamwaga mfuko wa dawa zake zote mezani kwa daktari, na nadhani hapo ndipo tulipookoka. Akashika karatasi moja ya vidonge: haidroklorothiazaidi, dawa ya presha inayokojosha, aliyoongezewa wiki tatu kabla. Akaagiza sodiamu, yaani madini ya chumvi yaliyo kwenye damu, ipimwe. Ilikuwa 117. Ya kawaida ni 135 hadi 145.

Dawa ile ilikuwa inatoa chumvi kwenye mkojo na kuuzuia mwili usiyatoe vizuri maji yaliyozidi. Nami kila saa nilikuwa nampelekea maji anywe, huku mlo wake ni uji na chai, chumvi nimeikata kabisa kwa ajili ya presha. Nililia, maana nilijua namtunza.

Dawa ikasimamishwa, akawekewa dripu ya chumvi. Ilikuwa inadondoka polepole mno, nikapandisha sauti: mbona hamuiongezi kasi? Daktari akanivuta kando. "Dada, tukiipandisha sodiamu haraka ubongo unaumia. Anaweza kushindwa kumeza, kusema, hata kutembea. Kwa siku tusizidishe 8." Tangu hapo niliandika kila jibu la maabara kwenye daftari. Siku ya pili 123, ya tatu 128. Jioni hiyo akaniita kwa jina langu, akauliza zamu ya kikoba ni ya nani.

Tulikaa wodini siku tisa. Daktari aliniambia wazee wenye sodiamu ya chini mara nyingi hulazwa muda mrefu, huanguka, na wengine hurudi tena. Kwa hiyo sikukubali ruhusa bila tarehe ya kupima upya. Baada ya wiki ilikuwa 134.

Sasa maji anakunywa kwa kipimo alichotupa daktari, na uji una mwenzake: yai, samaki au maharage. Presha anatumia dawa nyingine. Mwezi uliopita, zahanati tuliyopita njiani walimwandikia tena ile ya kukojosha. Nilifungua daftari, muuguzi akasoma, akaikata kwa kalamu.