Mlio wa sikio leo si mlio wa jana

Mtu mwenye mlio wa sikio, yaani sauti anayoisikia bila chanzo cha nje, akiulizwa "mlio wako ukoje?", hujibu kwa mlio wa siku hiyo, mara nyingi wa usiku uliopita. Lakini sikio lile lile linaweza kulia kama nyenje asubuhi, likavuma kwa uzito usiku, kisha likanyamaza nusu siku bila sababu ya wazi.

Tenganisha mambo mawili: ukubwa wa sauti na usumbufu wake. Mlio unapolinganishwa na sauti ya mashine ya kupimia usikivu, mara nyingi hutokea kuwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu juu ya sauti ndogo kabisa ambayo sikio hilo linasikia, hata kwa mtu aliyekosa usingizi kwa sababu yake. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, sauti inaweza kubaki 4 huku usumbufu ukipanda kutoka 3 hadi 8. Usingizi mbovu na wasiwasi hutosha kufanya hivyo.

Chukua daftari. Saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku andika namba hizo mbili, kila moja kati ya 0 na 10, kisha saa ulizolala, kelele ulizokutana nazo, na kama mahali ulipo ni kimya. Hilo la ukimya wengi hulisahau, na ndilo linaloharibu daftari zima: mlio ule ule huzama barabarani na kuibuka chumbani. Usiandike zaidi ya mara hizo tatu kwa siku. Kulitegea sikio kila baada ya dakika chache kunaukuza mlio.

Uma meno kwa sekunde 5, kisha geuza kichwa huku kiganja kikikizuia. Mlio ukibadilika, taya na shingo vina mkono humo, kwa hiyo andika pia siku unazoamka taya imechoka. Ukisikiliza sauti ya mvua kwa dakika 1 na mlio ukafifia kwa sekunde kadhaa baada ya kuizima, usidhani umepona. Mlio ukirudi, usidhani umejidhuru.

Endelea wiki mbili kabla ya kujaribu tiba yoyote. Watu huanza dawa mlio ukiwa kileleni, wakati ambapo huenda ungeshuka wenyewe, na sifa zote huenda kwa dawa. Badili jambo moja kwa wakati mmoja. Aspirini ya dozi kubwa na kwinini vinaweza kuongeza mlio, ila usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuongea na daktari.

Kuna mabadiliko yasiyosubiri daftari. Sikio likipoteza usikivu ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani matibabu hufaa zaidi yakiwahi. Mlio unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, au ulioanza upande mmoja tu, nao unahitaji daktari wa masikio.

Unaposoma daftari, linganisha wiki na wiki: kwa sauti peke yake, kisha kwa usumbufu peke yake, panga namba 21 za kila wiki kuanzia ndogo, uchukue ya 11, iliyo katikati.