Siku moja ya kazi: kuchagua zulia la vyumba 8 vya gesti, Njombe

Njombe mjini pako juu, unakaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti niru tupu asubuhi ni adhabu kwa mgeni anayeshuka kitandani. Ndiyo maana gesti za huku zinauliza zulia, jambo ambalo mwenye gesti wa Tanga halifikirii kabisa. Kazi ya leo ni gesti ya vyumba 8, vyote self, vyote chini, sakafu ya niru. Mwenye nyumba keshachagua rangi. Kwetu tunaomsaidia kuchagua zulia, rangi ni jambo la mwisho.

Saa 1:00 asubuhi

Vyumba vikaguliwe kabla havijafagiliwa. Kikishapigwa deki, chumba hakisemi kitu. Kikiwa bado kichafu kinaonyesha udongo mwekundu unaishia wapi kutoka mlangoni, sanduku linawekwa wapi, maji ya bafuni yanatoka hadi wapi, na kama wageni wanapiga pasi sakafuni juu ya taulo. Hapa wanapiga. Tumekuta alama ya pasi kwenye kapeti la plastiki la chumba namba 3, na alama hiyo itaamua mengi baadaye.

Kisha plastiki. Jana saa 9 alasiri tuliomba zibandikwe vipande vya nailoni angavu vya sm 45 kwa sm 45 kwenye sakafu ya vyumba vyote, pande zote nne zikazibwa kwa gundi ya karatasi pana, mbali na jua la dirishani. Zimetimiza saa 16, na chini ya hapo kipimo hakiaminiki. Tunabandua: vyumba sita pakavu. Viwili vya mwisho vina matone chini ya nailoni na niru imekolea rangi. Huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, kwa sababu nyumba nyingi za zamani zilimwagwa zege bila nailoni chini yake. Ukifunika sakafu hiyo kwa zulia, unyevu unakosa pa kutokea, mgongo wa zulia unaota ukungu, na chumba kinanuka hata kikisafishwa kila wiki. Vyumba hivyo viwili havipati zulia la ukuta kwa ukuta mpaka chanzo cha unyevu kitafutwe. Vitapewa vipande viwili vya kuweka kando ya kitanda, vya kunyanyua na kuanika.

Kwa sakafu mpya hesabu ni nyingine. Niru au zege la juu huhitaji takribani siku moja kwa kila mm 1 ya unene, hadi mm 50, tena kukiwa na hewa ya kutosha. Kwa baridi ya huku ongeza. Fundi anayesema "imeshakauka, gusa uone" anapima ngozi ya juu tu.

Saa 2:30

Mazungumzo na dada wa usafi, ambaye wauzaji wengi wa mazulia hawamuulizi chochote. Maswali yetu ni manne: unasafisha kwa kutumia nini, kwa maji kiasi gani, jiki unatumia wapi, na mashine ya kuvuta vumbi ipo?

Gesti isiyo na mashine ya kuvuta vumbi isiweke zulia la ukuta kwa ukuta. Ufagio unaondoa nywele na makombo, lakini mchanga unashuka hadi mizizi ya nyuzi na kuzikata kila mtu anapokanyaga. Zulia linaonekana limezeeka kumbe limekatwa kutoka chini. Hapa mashine ipo, ila haijawahi kutolewa kwenye boksi. Inatosha.

Tatizo ni sabuni ya unga. Dada anaimwaga na kusugua kwa brashi, kisha anafuta kwa kitambaa. Sabuni isiyotolewa yote hubaki kwenye nyuzi ikinata, na doa lililosafishwa linarudi jeusi kuliko mwanzo baada ya wiki mbili. Maji mengi nayo ni hatari: chumba cha baridi kikikaa na zulia bichi zaidi ya siku nzima, harufu imeshaingia. Tunakubaliana naye: doa linabonyezwa kwa kitambaa kikavu kwanza, halafu maji kidogo yenye tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, halafu maji matupu, halafu kukaushwa kwa kubonyeza. Kusugua marufuku, kunachakaza ncha za nyuzi.

Saa 3:30

Kupima. Kila ukuta unapimwa sehemu tatu, kwa sababu plasta hutuna kwenye kona, na kila chumba kinapimwa kutoka kona hadi kona. Vyumba vinne kati ya sita vikavu ni mita 3.5 kwa 4.2. Kona kwa kona inapaswa kutoa mita 5.47 pande zote mbili. Kimoja kimetoa 5.47 na 5.42, maana yake kimepinda sm kadhaa na kipande chake kitakatwa kirefu zaidi. Vikavu viwili vilivyobaki ni vikubwa, 3.9 kwa 4.6.

Upana wa jora una uzito kuliko bei ya mita ya mraba. Majora mengi huja na upana wa mita 4, na mengine mita 3.66. Kwa chumba cha 3.5 kwa 4.2 tunakata urefu wa 4.3 (sm 5 za ziada kila upande). Jora la 3.66 linakupa mita za mraba 15.74 kwa sakafu ya 14.7. Jora la mita 4 linakupa 17.2, yaani unalipia mita 2.5 za mraba zitakazobaki kama utepe. Kwa hiyo chukua 3.66? Kwa vyumba hivi vinne, ndiyo. Lakini vikubwa vya 3.9 havifikiwi na 3.66 bila kuunga, na kiungo katikati ya chumba cha gesti ndicho kitakachoachia kwanza. Kwa mita 4 vinabakiwa na sm 5 kila upande: inatosha, ila fundi asikosee kuanza.

Tumechagua mita 4 kwa vyote, ili zulia liwe moja na rangi iwe ya mchanganyo mmoja. Hesabu: 4 mara 4.3 ni mita 17.2, na 2 mara 4.7 ni mita 9.4, jumla mita 26.6 za urefu. Jora la mita 30 linamaliza vyumba vyote sita na kubakiza 3.4. Kile chumba kilichopinda kitaongezewa sm 10 kutoka hapo. Masalio hayauzwi wala hayagawiwi: ndiyo viraka vya miaka ijayo. Jora la mita 25 lingelazimisha kuchanganya majora mawili, na majora mawili ya namba moja ya rangi bado hutofautiana yakilazwa pamoja.

Milango nayo. Zulia la mm 8 juu ya sponji ya mm 8 ni mm 16, na milango hii imeachwa mm 10 tu kutoka sakafuni. Yote sita itakatwa chini. Wakisahau, mlango utakwangua zulia mahali pamoja mpaka mgongo uonekane.

Saa 5:00

Sampuli, sakafuni. Dukani watu hushika zulia kwa mkono kifuani, chini ya taa kali. Wageni watalitazama kutoka juu, chini ya balbu moja nyeupe, pazia likiwa limefungwa. Kwa hiyo tunafunga pazia.

Tunazikunja kwa nyuma kwanza. Ukikunja sampuli na mgongo ukaonekana wazi kati ya mistari, nyuzi ni chache, hata kama zulia ni nene na laini. Unene wa nyuzi ndefu chache hulala ndani ya miezi. Nyuzi fupi zilizobanana husimama. Muulize muuzaji uzito wa nyuzi peke yake kwa mita ya mraba. Wengi hutaja uzito wa zulia zima, pamoja na gundi na mgongo.

Halafu moto. Ng'oa uzi mmoja, toka nje, ushike kwa koleo. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na jivu lake linapondeka. Polipropilini, uzi wa plastiki, huyeyuka na kunuka kama mshumaa uliozimwa. Uzi wa nailoni huyeyuka pia, ukiacha tone gumu lenye harufu inayokaribia ya seleri. Lebo zikipotea, au zikiwa za kubahatisha, huu ndio ushahidi.

Sasa ile pasi. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, na pasi ya nukta tatu, ya pamba, hufika 200. Nailoni ya kawaida huanza kuyeyuka karibu na 220, kwa hiyo inakupa nafasi kidogo. Sufu haiyeyuki, huungua. Lakini sufu huliwa na nondo, na jiki huiyeyusha kabisa. Kwa dada anayetumia jiki bafuni hatua mbili kutoka kitandani, sufu imetoka. Nailoni ingekuwa chaguo letu kwa uvumilivu wa kukanyagwa, ila mengi yanayouzwa Kariakoo kwa bei ya kawaida ni polipropilini au poliesta.

Kila sampuli inapata tone la chai ya maziwa, tone la jiki, kidole cha mafuta ya kujipaka na kijiko cha udongo wa uani. Zinaachwa.

Saa 7:00 mchana

Wakati wa ugali linakuja swali la vigae vya zulia vya sm 50 kwa sm 50. Ni swali zuri. Kigae kikiungua na pasi unang'oa kimoja tu, na hakihitaji jora refu kupita mlangoni. Ila hulazwa bila sponji, kwa hiyo hakizuii baridi sana, na kwenye niru yenye mawimbi kona zake huinuka. Ofisini tungeviweka bila kufikiri mara mbili. Chumba cha kulala cha Njombe, hapana.

Saa 8:30

Matokeo. Chai imetoka kwenye polipropilini yote, kwa sababu hainywi maji. Jiki haikuibadili rangi, kwa kuwa rangi ilitiwa kabla uzi haujavutwa. Sampuli ya nailoni imepauka palipoguswa. Mafuta ndiyo yamebaki: polipropilini hupenda mafuta, na kando ya kitanda patakuwa na kivuli baada ya mwaka. Udongo umeumbua rangi. Krimu imekwisha, kijivu kinaonyesha wekundu, nyeusi inaonyesha vumbi na nywele zote. Iliyostahimili ni kahawia yenye madoadoa, ile ambayo mwenye nyumba aliiita ya kizee.

"Mama, hii ya kizee ndiyo itakayokuwa mpya mwaka wa tatu."

Ameafiki, kwa sharti la mapazia mapya.

Saa 9:30 alasiri

Agizo linaandikwa hivi: polipropilini, vitanzi vifupi (nyuzi zisizokatwa ncha), daraja la 31 au zaidi (la vyumba vya hoteli kwenye viwango vya Ulaya, huwa na picha ya jengo kwenye lebo), daraja la kuhimili moto Cfl-s1 au bora, mgongo wa kitambaa cha kufumwa. Mgongo ni muhimu. Zulia lenye mgongo wa sponji iliyoshikamana nalo halivutwi, hugundishwa, na siku ya kulitoa linaondoka na niru. Vitanzi vina kasoro moja: uzi ukinaswa na gurudumu la sanduku usivutwe, ukatwe kwa mkasi, la sivyo mstari mzima unafumuka.

Fundi wa kutandaza ameachiwa maelekezo. Mbao za meno, yaani vibao vyembamba vya misumari midogo vinavyoshika ukingo wa zulia, zikae mm 6 hadi 8 kutoka ukutani, meno yakielekea ukutani. Niru hii ni nyembamba na hupasuka kwa misumari, kwa hiyo zigundishwe na ziachwe siku nzima kabla ya kuvuta. Sponji iishie kwenye ubao, isiupande. Zulia lifunguliwe chumbani saa 24 kabla, kisha livutwe sm 4 hadi 6 kwa urefu wa mita 4.2, lisipovutwa vya kutosha litaota mawimbi msimu wa joto. Mbele ya mlango wa bafu ziachwe sm 60 bila zulia, ziwekwe marumaru.

Saa 11:00 jioni

Usafiri. Jora la mita 30 kwa 4 lina mita za mraba 120, na kwa kilo 2 kila moja ni kilo 240. Tumeomba likatwe dukani kwa vipimo vya vyumba: kipande cha 4.3 ni kilo 34 hivi, watu wawili wanabeba. Visingirishwe, visikunjwe, na juu yake kwenye Fuso visipangwe viti vya mtu mwingine, kwani kunjo la safari kutoka Dar es Salaam halitoki. Korido ya hapa ina upana wa mita 1.2 na kona moja. Bomba la mita 4 halipindi pale, na madirisha yana nondo. Kila kipande kitapindwa kidogo katikati, uso ndani, kwa dakika za kupita kona tu. Mgongoni kiandikwe namba ya chumba na mshale wa upande nyuzi zinakolalia, vyote vielekee dirishani.